Tulikuwa Tumesimama Kwa Njia Yake

Kama umekulia Kayole, mavi ya mbogo ni ya ng'ombe tu. Duara ile ile, rangi ile ile, nzi wale wale. Nilikuwa nishaanza kuyaruka nisonge, ndio beshte yetu wa Narok akaniwekea mkono kifuani, vile makanga huzuia mtu kushuka kabla gari isimame. Hakubonga. Alichutama, akasongeza uso karibu, akacheki vile juu kulikuwa bado kunang'aa maji, hakujashika ganda. Halafu akasema polepole, "Hii ni ya saa hii."

Tulikuwa wasee sita, maboyz wanne na madem wawili, saa kumi na nusu jioni, chini ya Mlima Longonot. Na tulikuwa tumetoka kwa njia.

Wacha nirudi nyuma kidogo. Hii form ya kupanda milima imeshika vijana wa Nai kabisa. Tangu ule wakati wa korona, klabu zikafungwa na kila mtu akaanza kutafuta pahali pa kupumulia, Jumamosi zetu zilibadilika. Msee alikuwa haezi tembea kutoka steji hadi keja, saa hii ana njumu za mlima, na anakutajia Ngong, Kilimambogo na Longonot vile alikuwa anataja timu za ligi. Mimi napenda hii kitu na nitaitetea popote. Imetoa mabeshte zangu mob kwa base, pale walikuwa wanakaa kwa ukuta kutoka asubuhi hadi giza. Imenionyesha nchi yangu nikiwa na miguu yangu mwenyewe. Lakini kuna kitu tumekuwa tukiruka. Tunataja Kilimambogo kila wiki na bado hatulisikii hilo jina. Walioupa mlima hilo jina walikuwa wanatuachia notisi.

Longonot ndio mlima wa mtaa kwa sababu hauitishi ndai. Unadandia mathree ya Naivasha inayopitia Mai Mahiu, mnateremka ule mteremko wa Bonde la Ufa, mnapita kale kakanisa kadogo kalikojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka wa 1942, na kabla umalize njugu zako mlima umeshasimama dirishani, mpana, kama chungu kilichokatwa mdomo. Ukishuka, boda inakupeleka hadi geti.

Kutoka geti hadi ukingo wa shimo ni kilomita 3.1. Kuzunguka huo ukingo ni 7.2. Kilele kiko mita 2,776. Hizo namba hazikuambii kuhusu vumbi. Vumbi ya Longonot ni jivu la volkano, laini kama unga wa chapo, inaingia kwa soksi, kwa meno, kwa chaja ya simu. Mvua imechimba mlima kwa miaka mingi hadi pahali pengine kuna mitaro inakufika mabega. Wamaasai waliuita Oloonong'ot, mlima wa migongo mingi, na ukifika juu unaona hiyo migongo yote imepangana chini yako. Halafu unageuka unaangalia ndani ya shimo, unapata msitu mzima umekaa huko chini, kijani, umezungukwa na kuta, mvuke ukitoka pahali pahali kwa mawe. Tulikaa hapo karibu saa nzima. Dem mmoja wa Umo, mwenye hajawahi kunyamaza tangu nimjue, alinyamaza. Ng'ambo ile nyingine Ziwa Naivasha lilikuwa linang'aa kama bati jipya.

Asubuhi kwa geti, afande alikuwa ametuambia maneno machache sana. "Vijana, msitoke kwa njia. Hapa chini kuna mbogo." Tukamjibu sawa afande, na tulikuwa tunamaanisha. Wakati huo miguu ilikuwa mipya na baridi ya asubuhi ilikuwa inatupa heshima.

Jioni mambo ni tofauti. Umetembea zaidi ya kilomita 12, magoti yanatetemeka ukishuka, maji imeisha, na unaona mabati ya geti yaking'aa kule mbele kama uko karibu kuyagusa. Njia kubwa ilikuwa imejaa wasee wa vikundi vingine na vumbi yao. Na hapo kando, kati ya vichaka vya leleshwa, kulikuwa na kanjia kengine, kembamba, kamenyooka moja kwa moja kuelekea mabati. Kalikuwa safi, hakana nyasi, kamekanyagwa hadi mchanga umeshikana. Beshte yangu wa Kayole akasema hiyo ni panya ruti ya watu wa hapa. Wote tukaona ni ukweli. Njia ikiwa safi hivyo, kuna mwenye anaitumia kila siku. Hatukujiuliza ni nani.

Huyo wa Kayole ndiye alikuwa amebeba spika kwa bag. Ilikuwa imepiga ngoma tangu asubuhi, gengetone mwanzo mwisho, na sidanganyi, ilitusukuma kwa ile kupanda ngumu ya mwisho. Lakini hiyo spika ndiyo iliziba masikio ya wasee sita siku nzima. Ndege wa Longonot walikuwa wameimba kutoka asubuhi na mimi siwezi kukuambia hata mmoja alisema nini.

Yule wa Narok ndiye alikuwa anatuambia tuizime, na tukadhani amechoka na ngoma. Alichunga mbuzi na ng'ombe za babake hadi akamaliza darasa la nane. Baada ya kuangalia yale mavi aliinuka, akainua kidole, na hapo ndio kwa mara ya kwanza, chini ya ngoma, nikasikia kile alikuwa anasikia: sauti kavu kavu, kama mtu anavuta zipu ya koti juu na chini, juu na chini. Kutoka nyuma ya leleshwa, kama mita 15 mbele, ndege watatu wakaruka juu, wa kahawia, midomo myekundu. Ni wale ndege wa kupanda mgongo wa mnyama wakimtoa kupe. Ndege wa kupe hawakai kwa kichaka bure. Wakiruka namna hiyo, chini yao kuna mgongo.

Harufu ikafuata. Harufu ya boma, ya maziwa na matope.

Nilichodhani ni jiwe kikageuza shingo.

Nimeona mbogo kwa picha, kwa noti, kwa televisheni. Hakuna kati ya hizo inakuonyesha upana. Alikuwa amelala, na bado mgongo wake ulikuwa unanifika kiuno. Matope yalikuwa yamemkaukia mwilini hadi yakapasuka vipande vipande, rangi ya kijivu kama sakafu ya simiti. Sikio moja lilikuwa limechanika, linaning'inia vipande viwili. Pembe zilikuwa zimekutana katikati ya paji la uso, zikawa mfupa mmoja mnene, umekwaruzika kama gogo la bucha. Aliinua pua, imelowa, akatuangalia kupitia juu ya hiyo pua. Hakukuwa na hasira kwa hayo macho. Alikuwa anatupima tu.

Niliingiza baridi hadi kwa kucha. Dem wa Umo alikuwa ameshainua simu, mkono umeenda wenyewe bila yeye, na yule wa Narok akaushusha polepole bila kumtoa mbogo machoni. "Hakuna kukimbia," akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Rudini nyuma. Msimpe mgongo." Tukarudi hatua moja. Mbili. Upepo ulikuwa umegeuka, sasa unatupiga kisogoni, kumaanisha harufu yetu yote ilikuwa inamwendea. Ngoma bado ilikuwa inapiga.

Beshte yangu wa Kayole akapeleka mkono nyuma ya bag, kwa upole mkubwa kabisa, akafinya kibonyezo cha kuzima. Hilo ndilo jambo mtu yeyote mwenye akili angefanya. Lakini hizo spika ndogo zina tabia moja: ukizizima, zinakuaga. Ngoma ikakatika, pakawa kimya sekunde moja, halafu ikatoa ile sauti yake ya mwisho, nyembamba, ya kupanda na kushuka, tu-ru-ruuu.

Leleshwa ikafunguka.

Sikumwona akisimama. Nakumbuka matawi yakivunjika, na pumzi, pumzi kubwa kama breki ya lori ikiachiliwa, na ardhi ikidunda ndani ya miguu yangu. Mkono ukanishika kola ya jaketi, nikavutwa kando, dunia ikapinduka, nikaanguka ndani ya mtaro wa mvua, kifudifudi, na mtu juu yangu, na mwingine juu yake. Mawe madogo yakatumwagikia. Vumbi ikaingia mdomoni. Juu yetu, pale ukingoni, kitu kizito sana kikapita. Harufu yake ikashuka ndani ya mtaro kama blanketi, halafu kishindo kikaanza kuwa kidogo, kidogo zaidi, halafu kikaisha.

Tulikaa hapo chini muda, sijui ni dakika ngapi. Dem wa Umo alikuwa amenishika mkono, na kucha zake zilikuwa zimeingia kwa ngozi yangu, na sikutaka atoe. Yule wa Narok akainua kichwa kidogo kidogo, akaangalia, akasikiliza. Halafu akaanza kutuhesabu kwa kutugusa kichwani, vile mtu huhesabu mbuzi zikiingia boma. Moja, mbili, tatu, nne. Akajigusa mwenyewe. Tano.

Sijawahi kusikia namba mbaya kama hiyo.

Tuliita jina la beshte yangu. Kimya. Tukaita tena. Nilikuwa nafikiria mathe yake, vile asubuhi alikuwa ametupikia chapo na kuzifunga kwa gazeti, vile ningeingia kwa hiyo keja na kusema nini. Mara ya tatu tukasikia, kutoka juu, sauti ndogo kabisa, "Niko hapa." Alikuwa ndani ya mgunga, mti wa miiba mirefu kama sindano za kushona magunia, karibu mita tatu juu, amekumbatia shina kwa mikono na miguu. Bag ilikuwa bado mgongoni. Kushuka kulimchukua dakika kumi na zaidi, kwa sababu kupanda hakuwa amesikia mwiba hata mmoja, na kushuka alikuwa anausikia kila mmoja.

Afande alitupata njiani, akipanda mbio na bunduki begani. Alikuwa ameona vumbi kutoka geti. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na tulistahili. Kitu cha kwanza aliuliza ni, "Mlikuwa wangapi?" Tukasema sita. Akatuhesabu, akavuta pumzi, akafuta jasho na kofia yake. Halafu akauliza kama sikio lilikuwa limechanika. Tukasema ndio.

"Huyo mzee namjua," akasema. "Hakuwa anawafukuza. Akitaka kuwamaliza angerudi kwa huo mtaro. Alishtuka akataka kutoka, na nyinyi mlikuwa mmesimama kwa njia yake."

Njia yake. Ile panya ruti iliyokanyagwa vizuri.

Akatueleza tukitembea, na mengine nikajisomea baadaye nikiwa nimekosa usingizi. Mbogo dume akizeeka, akipita kama miaka 10 hivi, kundi linamshinda. Hawezi tena kupigania majike na vijana, basi anaondoka anaishi peke yake au na wazee wenzake wawili watatu. Akiwa kwa kundi, ana macho na masikio mamia ya kumlinda. Akiwa peke yake hana mtu. Akishtuliwa karibu, hana wa kumsaidia kuamua kama hatari ni ya kweli, basi anaamua haraka. Mchana analala kwa kichaka kizito, anacheua, na hata akikusikia anaweza kunyamaza tu akingoja upite. Jua likianza kushuka anaamka kwenda kula. Sisi tulimfikia saa hiyo hiyo ya kuamka.

Kuhusu kukimbia, wacha niweke hesabu hapa. Ferdinand Omanyala alipochapa mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Kasarani mwaka wa 2021, rekodi ya Afrika, wastani wake ulikuwa kama kilomita 37 kwa saa. Mbogo, na uzito wake wa kilo 700 na zaidi, anapita 50. Anapita akikata kichaka ambacho wewe utakwama.

Na bado siwezi kumchukia. Miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulipitia huku Afrika Mashariki, ukafagia ng'ombe za Wamaasai na karibu mbogo wote. Walioko leo wametoka kwa wachache waliobaki. Ukame wa 2022 ukawapiga tena. Ripoti ya serikali ya mwezi wa Novemba mwaka huo ilihesabu mbogo 51 kati ya wanyama waliokufa kwa miezi tisa, pamoja na ndovu 205. Mbuga ya Longonot yote ni kilomita 52 mraba, na mlima ndio umejaza sehemu kubwa. Pale chini penye leleshwa na nyasi ndio sebule yake, na sisi tulipita hapo na spika.

Nje ya geti kuna mathe ana kibanda cha chai. Aliona mikono ya beshte yangu, akamkalisha kwa kreti ya soda, akachomoa pini kwa leso yake, akaipitisha kwa moto wa jiko. Akamshika mkono, akauweka gotini, akaanza kutoa miiba mmoja mmoja. Kila mwiba aliuweka kwa kifuniko cha sufuria, ukitoa kasauti kadogo. Hakuharakisha. Beshte yangu, msee mkubwa, mabega mapana, alikuwa analia bila sauti, na nadhani haikuwa miiba. Mathe akamwambia, "Lia tu, kijana wangu, inatoka." Ilifika 23.

Tukamuuliza kama yeye amewahi kumwona mbogo. Akatuangalia kama tumeuliza kama amewahi kuona mvua. Shemeji yake alivunjwa mguu akitoka kutafuta kuni, akalala hospitali miezi miwili. Kuna sheria, ile ya wanyamapori ya 2013, inasema mtu akiuawa na mnyama familia ilipwe milioni 5, akilemazwa milioni 3, akiumizwa hadi milioni 2. Shemeji alijaza fomu. Bado anangoja, na wako wengi Kenya hii wanangoja hivyo kwa miaka. Sisi tuliona mbogo siku moja, tukarudi Nai na stori ya kupiga kwa base. Mathe huenda na kurudi kila siku, na kibanda lazima kifunguliwe, na maji lazima ichotwe. Hilo limenikaa rohoni kuliko pembe.

Kwa hivyo nikikuambia wewe msee wangu wa mtaa ubaki kwa njia, ushuke mapema, usikize afande wa geti, uache spika kwa keja, sikukatazi raha. Nataka urudi. Nataka upande tena wikendi ijayo, na ile ingine. Na usiniulize kama kelele si nzuri kwa kufukuza mnyama, kwa sababu nilimuuliza mathe swali hilo hilo, na alinijibu kwa miguu.

Ilikuwa inaelekea saa kumi na mbili. Alimwaga chai iliyobaki, akafunga kibanda, akatundika kufuli. Akachukua debe tupu la mafuta na kipande cha mti. Boda zetu zilikuwa zimeshafika, lakini hakuna mtu alipanda. Tulisimama kumwangalia akienda kwa kanjia kake kuelekea nyumbani, leso imefungwa kiunoni. Alikuwa anagonga debe mara tatu na kuita kwa sauti, "Napita! Mzee, napita!" Halafu anasimama. Debe kimya, mti kimya, shingo imeinama upande, anasikiliza. Anahesabu pumzi kadhaa. Ndio anatembea tena hatua kama ishirini, anagonga, anaita, anasimama. Alifanya hivyo hadi leleshwa ikamficha, na sisi tukabaki tukisikia tu debe, halafu kimya, halafu debe.